Hasira Yangu Si Sukari

9 Januari

Mwanangu,

Hujambo. Mimi sijambo, ila nimekasirika, na ukiendelea kusoma utaona ni kwa sababu yako. Nyumbani wote wazima. Mama yako ameweka meno mapya, sasa anacheka hata pasipo na la kuchekesha. Wadogo zako wamerudi shule. Paka amezaa ndani ya kapu la mashuka safi, ikabidi tufue upya yote.

Naandika barua kwa sababu simu imenishinda. Nikiishika, wanasimama mlangoni. Nikipaza sauti kidogo tu, mmoja ananipokonya na mwingine anakuja na glasi ya juisi. Ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori la sabuni anayepita huko kwenu akukabidhi hii mkononi. Jibu nalo mpe yeye. Ana siku zake za kupita, usimharakishe.

Sasa nisikilize vizuri. Mwaka jana, chuo cha uuguzi hujakizoea hata kidogo, ulimwambia baba yako nini? Ulimwambia mtu anayechoma insulini, kama mimi, akiwa mkali ghafla, bila sababu, huenda sukari imemshuka, apewe kitu kitamu. Baba yako alisikia "mkali" na "kitamu". Ya katikati yalimpita. Tangu hapo mimi sina hasira tena ndani ya nyumba hii, nina sukari. Mama Pasi, mnyooshaji wetu, akiunguza shuka la hoteli nikamfokea, juisi. Mtu akiacha bomba wazi mpaka stoo ikajaa maji nikasema neno, juisi. Nimefokea watu maisha yangu yote, na wengi walistahili, na hakuna aliyewahi kunijibu kwa kinywaji.

Kwa hayo peke yake nisingekusumbua. Lakini mwezi uliopita baba yako aliwakusanya wafanyakazi wote kwenye chumba cha pasi, akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ndiye msimamizi wa kiwanda chetu cha kufulia, mimi napumzika, na ikifika mwisho wa Mei chumba cha pasi kinafungwa apewe muuza simu. Mama Pasi na wenzake watafute pa kwenda. Kiwanda hiki nilikianzisha mimi, na beseni moja. Anasema nilikubali mbele ya watu, na watu nao wanasema ni kweli, nilikubali. Mimi sibishi kwamba nilikubali. Nasema sitaki.

Nimemwambia hivyo kwa kinywa changu. Ameniletea juisi.

Wewe ndiye uliyewapa hiyo juisi. Waambie waache.

Shangazi yako

*

2 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua nimeipata, imenukia sabuni bweni zima. Mimi mzima. Tunalala wanne chumbani na mmoja anakoroma kama jenereta. Tumeanza zamu za wodini, nikirudi jioni viatu havitaki kuvulika. Nifikishie salamu kwa Mama Pasi, na paka pia.

Shangazi, nilichomwambia baba ni kile nilichosoma, na hakikuwa uongo. Sukari ikishuka mtu anaweza kuwa mkali kweli, hata na watu anaowapenda. Walichofanya nyumbani ni kukujali. Pengine wamezidisha, nitamwambia mama.

Kuhusu kiwanda, naona tulitazame jambo hili kwa mapana yake. Umefanya kazi kubwa na unastahili mapumziko ya heshima. Baba ana nia njema. Anasema siku ile hakukuvizia. Alingoja kwanza akuone umetulia, ndipo akazungumza. Anasema ulikuwa umetulia kuliko siku zote, ukamsikiliza mpaka mwisho, ukasema "haya, sawa." Tukikubali leo na kukataa kesho, wafanyakazi watamfuata nani?

Nakuomba usimfokee, ana presha. Na wewe je, afya inaendeleaje? Hukuandika hata neno moja.

Mwanao

*

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani wazima. Paka wadogo wamegawiwa wote, mmoja amechukuliwa na dereva wetu huyu.

"Kwa mapana yake." "Mapumziko ya heshima." Wewe nimekufundisha mwenyewe kukunja shuka ukiwa huwezi kufikia meza, na sijawahi kukusikia ukisema "kwa mapana yake" tangu uzaliwe. Hayo ni maneno ya baba yako, aliyazoea alipokuwa akiuza bima. Alikupigia simu akakwambia uandike nini, nawe ukashika kalamu ukaandika. Nasubiri ukanushe.

Halafu unaniambia nilikuwa nimetulia, kwa hiyo nilikuwa na akili zangu. Yaani nikikasirika mimi mgonjwa, nikinyamaza mimi mzima. Basi mzima kuliko wote hapa duniani ni maiti. Mwaka mzima nimepiga kelele kuhusu chumba cha pasi, kila mara alipotaja kukifunga, na kelele zote zile hazikuhesabiwa. Nimenyamaza mara moja, ikahesabiwa. Hiyo ndiyo hesabu mliyonipigia, na wewe ndiye mwalimu wao.

Umeuliza afya. Nzuri. Nina kidonda kidogo mkononi, si kitu. Tangu mwaka jana kliniki wamekuwa wakiniongezea insulini kwa sababu sukari yangu inasoma juu kila nikienda. Isingesoma juu ningeshangaa, kwa juisi ninazonyweshwa.

Kama huna la kwako la kuniambia, usihangaike kuandika.

Shangazi yako

*

30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa, na safari hii si kosa la lori. Nilianza kukuandikia mara nyingi nikachana. Ni kweli. Baba alinipigia akanipa maneno, nikayaandika. Sikutaka kugombana naye, nikaona afadhali nigombane na wewe uliye mbali na usiyeweza kunipigia. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi soma hivyo hivyo mpaka mwisho.

Na mimi nimekasirika. "Kidonda kidogo mkononi." Mama Pasi amenipigia juzi. Anasema umeungua kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono. Anasema uliegemea pasi ya mvuke ukabaki hapo hapo, unatazama ukuta, mpaka yeye akakuvuta, na ulipoulizwa ukasema ulikuwa unawaza. Unawaza nini, Shangazi, nyama ikiungua? Anasema hukupiga kelele. Hukumtukana hata pasi. Wewe, ambaye nimewahi kukusikia ukitukana kamba ya kuanikia nguo.

Hapo hapo nikamfuata muuguzi mkuu wa kliniki ya kisukari hapa, nikamweleza kila kitu, juisi, hasira, pasi. Alinisikiliza, akaniuliza kama nilifeli mtihani au nililala darasani. Haya ndiyo aliyonieleza, naandika nilivyoelewa.

Ubongo unakula sukari iliyo kwenye damu mchana na usiku, na wenyewe hauna ghala la maana. Kwa hiyo unailinda. Ukiona sukari inateremka, unaamrisha ini limwage akiba yake, na unapiga king'ora mwili mzima: moyo unaenda mbio, jasho, kutetemeka, njaa, na hasira humo humo. Ile hasira ni ubongo unaokwambia kula. Hapo ndipo nilipoishia mimi, nikafunga kitabu.

Ukurasa wa pili sikuufungua. Sukari ikimshuka mtu mara kwa mara, ubongo unazoea. Unaanza kuona ni hali ya kawaida. King'ora kinachelewa, kila mara kinachelewa zaidi, mpaka siku moja sukari inafika chini kabisa na hakijalia. Mtu hatetemeki, hatoki jasho, hakasiriki. Anapoa. Anatazama ukuta. Ukimuuliza jambo anasema "haya, sawa." Ubongo una njaa kiasi kwamba hauna hata nguvu ya kukataa.

Sasa tazama tulivyokufanya. Ukikasirika kwa haki yako, unapewa juisi, sukari inapanda. Kliniki wanaiona iko juu, wanakuongezea insulini. Inakuja siku hakuna aliyekuudhi, hakuna juisi, na sindano ni ile ile kubwa. Ikishaingia mwilini, ubongo hauwezi kuizima. Siku zako za amani ndizo zilizokuwa zikikuangusha, na sisi tulikuwa tunafurahi kwamba shangazi siku hizi amekuwa mpole.

Nijibu haya tu. Asubuhi ile uliyokubali, ulichoma sindano? Ulikula? Na siku iliyotangulia, kuna aliyekukasirisha?

Mwanao

*

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Mdogo wako wa mwisho amevunja kioo cha jirani.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikaitupa. Mara ya pili nikaiokota. Sipendi kuambiwa habari za kichwa changu na mtoto niliyemfuta pua.

Siku iliyotangulia hakuna aliyeniudhi. Mashuka yote yalitoka meupe, hata nikaimba. Asubuhi nilichoma sindano kama kawaida, nikateremka kunywa chai. Baba yako alikuwa ameshawapanga watu kwenye chumba cha pasi. Akaniambia, "Dada, kaa hapa kidogo, tuongee kabla kazi haijaanza." Chai ikabaki jikoni. Alizungumza sana, unamjua akianza kuongea. Nakumbuka mvuke. Nakumbuka kifungo cha shati lake kilikuwa kimelegea, nikawaza nikishone. Maneno yake siyakumbuki hata moja. "Haya, sawa" yangu mwenyewe siikumbuki, nimeisikia kwa watu.

Roho imeniuma, sikufichi. Tangu siku ile nilikuwa nikijiona msaliti. Namtazama Mama Pasi nashindwa kumtazama usoni, nikijiuliza ni shetani gani alinishika ulimi. Kumbe ilikuwa njaa. Mtu ameniuliza swali nikiwa sipo, akajibiwa na kiti changu.

Nimekwenda kliniki, nikawapa vidonge vyao vya maneno, halafu nikawapa barua yako waisome. Wamepunguza sindano. Wamesema nisiruhusu sukari ishuke hata mara moja kwa wiki kadhaa, nipime asubuhi, kabla ya kula, kabla ya kulala, na ubongo taratibu utakumbuka kazi yake, king'ora kitarudi. Nikawauliza hasira nazo nizifanyeje. Daktari akasema hasira hazimhusu. Huyo nimempenda.

Juisi nimewakatalia nyumbani. Nimesema atakayeniletea bila kunipima kwanza, nitammwagia. Mama yako amenielewa. Baba yako amesema, "Unaona? Sukari hiyo hiyo."

Kidonda kinapona. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungemwambia baba yako, na angepata la pili la kunifungia nalo chumba.

Nikimwambia mimi asubuhi ile nilikuwa sipo, ataniona natafuta mlango wa kutokea. Nafikiri unajua ninachokuomba, na sitaki kukiandika.

Shangazi

*

28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Mtihani wa vitendo nimefaulu, mwambie mama nakula.

Nimemwambia. Nilimpigia jioni, nikamweleza yote, sindano, chai iliyobaki jikoni, "haya, sawa". Akasema kwamba alikuuliza wewe ukiwa mtulivu kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mtulivu ndiye mzima, na sasa namgeuzia kibao. Ni kweli, nilimfundisha. Nikamwambia nilimfundisha vibaya, asisimamie kosa langu. Akasema binti yake amechagua upande, basi likizo ikifika abaki huko huko na upande wake. Akakata.

Sijui nifanye nini na hasira hii, Shangazi. Nimekasirika naye, nimekasirika na mimi. Wewe nawe umenikasirisha, kwa kuniomba jambo bila kuliomba.

Usinipiganie. Pigania chumba chako. Ila pima kwanza, kila mara, hata kama atakucheka.

Mwanao

*

24 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Mama yako alilia aliposikia habari ya likizo, kisha akamkatia baba yako mazungumzo kwa siku kadhaa, chakula anapewa bila salamu. Wadogo zako wazima. Kioo cha jirani tumeweka kipya.

Juzi muuza simu alikuja na futi kupima chumba cha pasi. Baba yako alikuwa naye, anamwonyesha pa kuweka kabati la vioo. Mama Pasi na wenzake walikuwa kazini, wananyoosha tu. Nikaingia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Nikafungua kinywa, na mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka mgongoni. Moyo ukaenda mbio. Nikamfokea yule mtu ashushe futi yake, sauti ikakwaruza.

Baba yako hakukasirika hata kidogo. Akamgeukia muuza simu, akasema kwa upole, "Msamehe dada yangu. Sukari hiyo."

Watu wote walingoja nimrukie. Nami nilitaka, Mungu ananiona. Lakini nilijihisi mwili, nikakumbuka kwamba nilikuwa sijatetemeka hivi tangu mwaka jana. King'ora kimerudi. Nikamwambia, "Huenda." Nikatoa mashine mfukoni, nikajidunga kidole mbele yao. Ikasoma tatu nukta nne, chini ya ile nne ya mpaka. Nikampa ajisomee.

Uso ulimng'aa, mwanangu. Alikuwa sahihi, na mbele ya mashahidi. Akanyoosha mkono atoe wenzangu nje. Nikasema hakuna anayetoka. Nikamtuma yeye mwenyewe juisi, akaileta, nikainywa yote, nikavuta kiti nikakaa. Nikasema tunangoja robo saa, kama kliniki walivyonielekeza. Muuza simu akauliza kama aje siku nyingine. Nikamwambia akae. Tukakaa, pasi zinatoa mvuke, baba yako anatazama saa yake, mimi namtazama yeye. Kutetemeka kukaisha. Jasho likakauka. Nikapima tena, tano nukta tisa. Mashine ikazunguka chumba kizima, kila mtu akasoma, hata muuza simu.

Nikasimama. Nikasema, "Juisi nimekunywa. Sukari imepanda. Sasa nisikilizeni. Chumba hiki hakifungwi. Mama Pasi haendi popote. Kiwanda ni changu na msimamizi ni mimi, na Desemba uliniuliza nikiwa sipo, sasa niulize nikiwa nipo."

Baba yako akanitazama, akasema polepole, "Bado una hasira."

Nikamwambia, "Sasa ndiyo naanza." Nikampa zake zote, za mwaka mzima, moja baada ya nyingine, na kwa utaratibu, kwa sababu akili ilikuwa na chakula. Mama Pasi alizima pasi ili asikie vizuri. Muuza simu aliondoka katikati, futi ameiacha, aje aichukue.

Nilipomaliza, baba yako alikuwa amekaa kwenye kapu la mashuka. Akasema, "Siku ile nilikuona umetulia, nikafurahi. Sikutaka kujua kwa nini." Nikamwambia hilo ndilo litakalochukua muda mrefu kunitoka rohoni, na bado halijanitoka. Nimemwambia pia kwamba wewe utakuja likizo na utalala chumbani kwangu, na akitaka kupinga apinge. Hajapinga.

Hatujapatana. Ila kila asubuhi anakuja na ile mashine, anaiweka mezani, anasubiri mpaka namba itoke. Akiona iko sawa, anavuta kiti, anaanza kunibishia.

Shangazi yako